Kinanda Chini ya Kitambaa cha Mama Mkwe

Jumanne, 4 Juni

Leo nimefanya biashara ya watu wenye akili. Cherehani ya miguu ya Mama Mkwe imekaa sebuleni kwetu, chini ya kitambaa cha maua, tangu mwenyewe ahamie kwa mwanawe, shemeji yangu. Nimekifungua kichwa chake, kile cha chuma cheusi, nikakipeleka kwa fundi redio. Yeye kapata chuma. Mimi nimepata kinanda cha umeme. Cha kidijitali! Cha zamani! Meza na miguu yake ya kukanyagia vimebaki palepale, kwa hiyo hakuna atakayesema nimetoa cherehani ya watu. Nimetoa kichwa tu. Tena kichwa chenyewe kilikuwa hakishoni, kimekaa kama mgeni aliyesahau kuaga.

Uzuri wa kinanda hauelezeki. Nitaueleza. Ni cheusi, kizito kama gunia la sukari. Vitufe vyake ni bapa kama vibandiko, vya kijani na zambarau. Kina kidirisha kinachoandika jina la kila sauti kwa herufi za vidoti. Fundi anasema sauti zake hazikurekodiwa popote. Kinazipigia hesabu papo hapo, namba inatikisa namba, kila unapogusa. Sikuelewa. Nikatikisa kichwa kama aliyeelewa, naye akatikisa chake, mambo yakaisha.

Sauti ya kumi na moja ni piano ya umeme. Ukiigusa polepole, ina haya. Ukiigonga, inatoa kengele ya glasi. Niliigusa palepale dukani, vinyweleo vikanisimama. Na hapo sijui kupiga!

Mpango: nijifunze kimyakimya, niitwe kwenye masherehe, mke wangu ashangae, shemeji anyamaze. Hasa shemeji.

Jumatano, 5 Juni

Matatizo mawili, yote madogo.

Kwanza, kichwa cha cherehani kina nundu. Kinanda hakina. Kitambaa kimelala bapa kama kimefiwa. Nimechukua sufuria ya wastani nikaifudikiza juu ya kinanda. Nundu imerudi! Nikasimama mlangoni, nikafumba jicho moja. Cherehani tupu.

Pili, kibetri cha ndani kimekufa. Ukichomoa waya ukutani, kinanda kinasahau kila sauti uliyoitunga mwenyewe. Nilikuwa nimetunga moja, iliyo kati ya filimbi na bawaba ya kabati. Nikaiita UFALME. Nikachomoa kidogo tu nichaji simu. Ufalme ukaanguka. Nimeutunga upya, na tangu sasa waya hauchomolewi.

Jioni mke wangu alipita akaweka mkono juu ya kitambaa, akakuta joto. Akataka kujua tangu lini cherehani ya miguu ikapata homa. Nikasema ni hali ya hewa. Akaufuata waya kwa macho mpaka ukutani. Nikamwambia nimepitisha umeme kidogo mezani kuzuia mchwa. Akanitazama. Akasema mchwa wa nyumba hii wana bahati, wamewekewa umeme kabla ya jiko lake. Kisha akauliza kama nimeiona sufuria yake ya wastani.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu naona ina lami.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa! Mama Mkwe anakuja Jumapili na shemeji, na pikapu, kuchukua cherehani yake.

Mke wangu kanipa habari huku anachagua mchele. Akaongeza, kwa ule upole wake wa hatari, kwamba marehemu baba yao hakumwachia mama yao kitu ila cherehani ile na shemeji, na shemeji hashoni. Akasema mama akiikosa, yeye hatakuwa na uso wa kumtazama, na mimi nitafute pa kulala.

Nikatoka mbio hadi kwa fundi redio. Kichwa hana. Kampa fundi wa mabegi, mtaa wa nyuma. Mbio hadi kwa fundi wa mabegi. Nikakikuta kichwa kinashona! Kimetiwa mafuta, kimevishwa mkanda mpya, kinapita kwenye turubai kama mvua juu ya bati. Kumbe miaka yote hiyo kilikuwa na kiu tu. Nikamwomba anirudishie. Akasema hatoi hata kwa nyumba, kwani vyuma vya siku hizi vinakatika kama biskuti. Nikamwambia ni cha mama mkwe wangu. Akasimamisha gurudumu kwa heshima, akaniomba nimfikishie salamu.

Nimerudi nyumbani, mke wangu katoka, nikapiga kinanda kidogo, kutuliza moyo. Kina kitufe cha kupandisha na kushusha sauti zote kwa pamoja. Baraka tupu! Vile vibao vyeusi, vinavyowatesa wanamuziki wenzangu, mimi sivigusi. Natembea kwenye vyeupe, kitufe kinanipeleka ninakotaka. Mpaka sasa najua nusu ya wimbo mmoja. Nusu ya pili naipa heshima ya kimya.

Mpango wa Jumapili: nitasema umeme umeng'ang'ania mezani, ni hatari kuigusa mpaka ukauke.

Jumamosi, 8 Juni

Shemeji kaja peke yake, kupima kama meza itaenea kwenye pikapu. Nilikuwa bafuni. Nilipotoka na sabuni masikioni alikuwa amekwisha kuinua kitambaa, kainua na sufuria.

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akaniita Profesa wa Masufuria. Akatoa simu yake, akasema humo mna sauti elfu, tena za bure, wakati dubwana langu lina thelathini na mbili na mojawapo ni helikopta. Ni kweli. Ni ya ishirini na tisa. Ni helikopta nzuri sana. Nikamwambia simu haina uzito. Akasema ndiyo raha yake.  Neno la kumjibu nililipata baadaye, naosha miguu: kisicho na uzito hupeperushwa na upepo. Nitalitumia siku nyingine.

Nikamsihi anifichie. Akasema usiwe na shaka shemeji, siri yako ni siri yangu, hasemi chochote kwa mtu. Anataka tu awepo mama yake atakapoinua kitambaa. Tena atakuja mapema apate kiti kizuri.

Chakula cha jioni kimechelewa. Mke wangu kapika wali kwa awamu mbili, kwenye kisufuria cha chai, anaongea peke yake.

Jumapili, 9 Juni

Naandika huku mgongo unaniuma. Sababu inakuja.

Mama Mkwe aliingia, nikampa shikamoo mara mbili kwa tahadhari. Akaitikia, akasema nimekonda, ninasumbuliwa na nini. Shemeji akakohoa. Nikaanza ile habari ya umeme na meza. Mama Mkwe akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia ahsante baba, akainua kitambaa.

Sufuria.

Mke wangu akaruka: "Sufuria yangu!" Akaitwaa, na chini yake kinanda, taa yake nyekundu inawaka bila aibu.

Mama Mkwe akauliza kichwa kiko wapi. Nikasema kiko kwa fundi. Hapo sikudanganya hata kidogo. Akauliza kinarudi lini. Nikaleta salamu za fundi. Akauliza na hiki je. Nikasema nimekiweka ili meza isijisikie mpweke. Shemeji alikuwa anajiuma kidole.   

Mama Mkwe akavuta kiti, akakaa. Nikajua analia sasa. Halafu miguu yake ikaanza kukanyaga. Pole, pole, kisha kwa mwendo. Gurudumu la chini likazunguka bure, bila mkanda, bila kichwa. Nikajisemea, basi, nimemtia wazimu mama wa watu.

Akaweka mikono yote miwili juu ya vibao. Akapiga.

Kumi na moja! Ile ile! Ila mikononi mwake haikuwa na haya wala haikugonga. Ilizungumza. Mkono wa kushoto ukauliza, wa kulia ukajibu, na vibao vyeusi, vyeusi vile vile, akavipitia kama mtu anayesalimu majirani. Mke wangu alisimama na sufuria kifuani. Shemeji alisahau kidole mdomoni.

Alipomaliza akatueleza. Kabla hajaolewa alikuwa anapiga kinanda cha shuleni, cha kukanyaga. Ukikanyaga, upepo unaingia, kinaimba. Ukiacha, kinakata roho katikati ya neno. Akaolewa, kinanda kikabaki shuleni, nyumba ikahitaji nguo. Marehemu akamletea cherehani. Akasema alipokaa kwenye cherehani siku ya kwanza miguu ilifurahi, ikadhani tumerudi shuleni. Mikono ndiyo iliyojua ukweli. Watoto wake walikuwa hawajawahi kusikia habari hiyo. Hakuna aliyewahi kumuuliza, alisema, na nguo zilikuwa nyingi.

Shemeji, kwa kutaka kusaidia, akatoa simu akamwekea piano nyingine. Mama Mkwe akamwambia amfukuze mbu huyo.

Akaanza wimbo wa pili, anakanyaga kwa nguvu zaidi. Nikamwinamia kwa adabu, nikamweleza kwamba mama, hiki ni cha umeme, hakihitaji kukanyagwa.

Akasema, "Mimi ndiye ninayehitaji."

Kisha akanihoji mpaka nikayatoa yote, ya fundi redio na ya fundi wa mabegi, akatoa hukumu. Kichwa kibaki kwa fundi wa mabegi, kwani kitu kinachofanya kazi kisirudishwe kufunikwa. Kinanda ni chake, na meza yake, na kitambaa chake. Mimi nitavibeba. Nikauliza kama tunaweza kukibeba bila kuchomoa waya, kwa ajili ya Ufalme. Mke wangu akauchomoa.

Shemeji anakaa ghorofa ya nne. Alibeba kitambaa.

Mlangoni Mama Mkwe akaniambia niwe nakwenda kila Jumapili, atanifundisha. Tutaanza na mkono wa kushoto. Akaongeza kuwa nina masikio mazuri, kwa sababu kati ya takataka zote za fundi redio nilichagua hiki. Nilishuka ngazi zote nne nikitabasamu, nimeinama kama mkunga.

Jumatatu, 10 Juni

Sebule ni tupu. Mke wangu kanisamehe nusu. Kasema anashukuru kwa kumsikia mama yake, ila kitu kisicho changu nisikiguse, hata kikiwa kimekufa, hata kikiwa kimefunikwa. Nimekubali kwa moyo wote. Nimelielewa somo, nimeliandika hapa: KISICHO CHAKO USIKIGUSE.

Alhamisi, 13 Juni

Fundi redio kaniita. Kapata mashine ya ngoma. Ya kidijitali! Rika moja na kinanda, vitufe vyekundu vimejipanga kama meno, na ndani yake mna sauti ya makofi makali kuliko makofi yenyewe. Hebu fikiria: Jumapili, Mama Mkwe kwenye kinanda, mimi kwenye ngoma, shemeji akitazama!

Fundi anataka ile saa kubwa ya mbao, ya duara, iliyo ukutani kwetu. Ni ya shangazi yangu, alituachia tumtunzie. Haitembei. Nimetafakari kwa kina. Somo la Jumatatu lilihusu vitu vya upande wa mke. Huyu ni shangazi wa upande wangu, ni jambo jingine kabisa. Na haji mpaka Desemba.

Ukutani patabaki duara jeupe. Nimelipima. Mfuniko wa sufuria ya wastani unaenea barabara.