Bibi Harusi Mwekundu

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Limefika! Gari la zimamoto la wafanyabiashara wa Karatu. Jekundu, jipya, moja kwa moja kutoka kiwanda cha Hallerstrup, Ulaya. Mlangoni limeandikwa jina langu: Melkizedek, Katibu wa Kamati. Herufi ni ndogo kuliko nilivyoagiza. Nitalifuatilia.

Ni gari la jiji kubwa. Ngazi yake inafika ghorofa ya kumi. Herbert fundi, mwenye gereji barabara ya Ngorongoro, ameuliza mbele za watu ghorofa ya kumi ya Karatu iko wapi. Wivu tu. Tangu Julai, vibanda vya mitumba vilipoungua huku msaada ukiwa bado njiani kutoka Arusha, anapigia debe boza lake: lori kuukuu, tangi la maji, na pampu ya kumwagilia vitunguu kutoka Mang'ola. Eti spea zake zipo kila duka. Kikaoni nilimwuliza kama anataka kuzima moto au kuunga mchuzi. Ukumbi mzima ulicheka. Kura zikaja kwangu.

Aliyenisumbua ni Lomayani peke yake. Huyu huleta ng'ombe wa Nainokanoka mnadani, na ni mjumbe wa kamati. Kwao mtu hanunui dume kabla hajamwona mama yake. Basi akasimama na simu yake kubwa mkononi: "Mangi," kama wanavyotuita sisi Wachaga, "mama yake huyu yuko wapi?" Akataka kujua nchi hii yamezaliwa mangapi ya kiwanda hicho, nani ameishi nalo masika mawili, na likiugua linarudishwa kwa nani. Nikamwonyesha kitabu cha picha. Akasema hata ng'ombe mgonjwa hupendeza kwenye picha. Ikabidi nimwahidi kuwa wakati wa ukame gari litapeleka maji kwa ng'ombe wake. Akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Habari za mama zikaishia hapo.

Jumatano, 4 Desemba

Wanawake wa sokoni wamelipachika gari jina: Bibi Harusi. Eti limepambwa lakini halijaingia jikoni. Nimekasirika kuliko nilivyoonyesha.

Aliyeniletea habari hiyo ni mke wangu, Flaviana, anacheka na pini mdomoni. Duka lake la ushonaji liko katikati ya soko, mbao chini mbao juu. Mwaka huu amepata kazi ya sare za shule mbili, na shule zinafunguliwa Januari. Kashona mpaka dari haionekani. Julai moto ulikata tamaa vibanda viwili tu kabla ya kumfikia, na tangu siku hiyo akisikia harufu ya plastiki anatoka nje.

Ameniomba jambo moja. Gari hilo, waliite wanavyotaka, likae karibu na soko likiwa na maji, hasa Krismasi, watu wakishakwenda makwao na soko likabaki na walinzi wanaoota moto wa mkaa. Nimemwahidi. Nimeapa kabisa.

Jumamosi, 7 Desemba

Siku ya mnada. Siku ya maonyesho!

Kwanza maji. Mdomo wa mpira wa Hallerstrup haushikani na bomba lolote la Karatu. Akina mama wakajaza tangi kwa ndoo, wakiimba nyimbo za kumtoa bibi harusi ndani. Vigelegele juu.

Kisha ngazi. Ilipanda vizuri sana. Ikapita paa, ikapita nguzo za umeme, ikasimama mawinguni. Haikushuka. Kioo cha ndani kiliandika sentensi ndefu kwa lugha ya huko kwao. Nikabonyeza kitufe cha kijani. Kikawa cha king'ora. Ng'ombe wa mnada walitawanyika mpaka barabara ya Mbulu, Lomayani akiwafuata na matusi ya Kimaasai ambayo namshukuru Mungu siyajui. Magari ya watalii yalisimama, wazungu wakapiga picha. Kwa upande wa kuutangaza mji, siku imefana.

Nimewaandikia kiwanda. Jibu limekuja papo hapo: suala langu ni muhimu sana kwao. Watu wa kufanya nao kazi ndio hawa! Jioni Herbert aliishusha ngazi kwa mpini aliouona chini ya kiti, kisha akaenda kuisimulia kwaya nzima ya kanisani kabla ya mazoezi.

Alhamisi, 12 Desemba

Lomayani kadai maji yake. Vuli imegoma, majani kule juu yamekauka. Sikuwa na pa kukimbilia.

Tukapanda Nainokanoka. Ukungu, vumbi, makorongo. Bibi Harusi alikohoa mlima mzima. Tulipofika, ng'ombe walikataa kumsogelea kwa jinsi anavyong'aa, ikabidi maji yachotwe kwa madebe. Nashipai, mke wa Lomayani, alilizunguka gari taratibu. Akasema halina hata kovu moja, kwa hiyo halijafanya kazi popote. Mimi nilidhani ni sifa, nikamshukuru.

Wakati wa kushuka, taa ya njano iliwaka mbele ya usukani. Herbert alipoiona akasema gari limeanza kuongea, afadhali nilisikilize. Kila kitu kwa Herbert kinaongea. Nimewaandikia kiwanda. Suala langu bado ni muhimu.

Nimebandika stika ya Mtakatifu Kristofa juu ya ile taa. Haionekani tena.

Jumatatu, 16 Desemba

Felisiani kapiga simu. Kaka yangu. Kauliza kwa upole, ule upole wake, kama mwaka huu pia nakuja kwetu Rombo kwa basi.

Sijasahau Krismasi iliyopita. Alifika kutoka Dar na gari jeusi, vioo vya giza, akaliegesha katikati ya kihamba, shamba letu la ukoo, ili kila anayekwenda kula ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, alipite. Wajomba walilipapasa kama wanapima ng'ombe. Mama akanigeukia mbele yao akauliza mimi nimekuja na nini. Nilikuwa nimekuja na begi.

Mwaka huu watanitambua. Felisiani ana gari. Mimi nina gari lenye ngazi!

Nimeiambia kamati kuwa fundi wa kiwanda yuko Moshi na lazima alikague kabla ya mwaka kuisha. Lomayani akauliza kama hatimaye tumempata mama. Nikasema ndiyo, mama yuko huko. Sikudanganya sana. Wangu yuko huko.

Flaviana sijamwambia. Ana kazi nyingi, sitaki kumsumbua.

Jumapili, 22 Desemba

Nimemuaga Flaviana asubuhi baada ya misa ya kwanza. Amebaki kumalizia kola. Akauliza mara mbili kuhusu gari. Nikasema limeegeshwa nyuma ya ofisi ya kamati, tangi limejaa, mimi nakwenda stendi.

Maji nilishayamwaga jana. Ni mazito, na gari linahitaji nguvu. Badala yake nimepakia magunia ya vitunguu vya Mang'ola, kreti za soda, na mbuzi wa ndafu kwenye sanduku la mipira. Nikavaa kofia ya mkuu wa zimamoto iliyokuja na gari. Inanikaa vizuri mno.

Raha ya safari iliishia kwenye mteremko wa Mto wa Mbu. Gari lilipiga chafya moja likazima. Kioo kikaandika ile sentensi ndefu. Nilibandua stika: ile taa ya njano sasa ni nyekundu. Nikapiga simu kiwandani. Sauti ya mwanamke, nzuri sana, imesema gari la aina hii hujifunga lenyewe likiona hatari, kwamba ni wao tu wanaoweza kulifungua, na kwamba wamefunga kwa sikukuu hadi tarehe sita Januari.

Hata wao wamekwenda kwao!

Nyani wamekula nusu ya vitunguu. Hata nyani hawakuliogopa.

Jumatatu, 23 Desemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Flaviana alipiga asubuhi. Alikuwa anapiga kelele na nyuma yake watu wanapiga kelele. Jiko la chipsi limelipuka, moto uko safu ya kwake. Wamekimbia nyuma ya ofisi ya kamati wamekuta alama ya mafuta tu chini. Akauliza, "Baba Jackline, gari liko wapi?" Nikasema niko karibu. Na kweli nilikuwa karibu, kwa mtu mwenye gari linalotembea.

Nilipata bodaboda. Njia nzima nilimhimiza yule kijana. Kabla hata hatujafika Rhotia moshi ulikuwa unaonekana.

Boza la Herbert lilikuwa katikati ya soko, ile pampu ya vitunguu inanguruma. Herbert kalowa mpaka viatu, sauti imekauka, anaamrisha watu kama jemadari, na safari hii wote walikuwa wanamtii. Lomayani alikuwa juu ya paa la jirani na shoka, anakata mbao ili moto usivuke. Soko lilipona. Safu moja haikupona, na ni ya Flaviana.

Alikuwa amekaa barabarani juu ya meza ya cherehani moja aliyoiokoa. Nyuma yake sare zilikuwa zinateketea, mashati, sketi, kola zote. Nilishuka kwenye bodaboda na kofia ya zimamoto kichwani. Nilikuwa nimeisahau. Soko zima lilinitazama.

Hakuna aliyecheka. Mimi ningetaka wacheke. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Karatu.

Mbuzi wa ndafu ameliwa na waliozima moto. Lomayani mwenyewe alimfuata mteremkoni akamchinja. Nililetewa kipande cha shingo na mtoto wa jirani, bila salamu.

Mama kapiga simu. Wajomba wameniulizia. Nikauliza, kama vile sijali, Felisiani amekuja na nini. Amekuja na basi. Lile gari jeusi liko gereji tangu Oktoba, linasubiri kifaa kutoka nje. Mwaka mzima wa uchungu, kumbe naye angekuja na begi!

Flaviana hajanigombeza. Afadhali angenigombeza. Amekaa anachambua rundo la vitambaa vilivyoungua, anatafuta vinavyofaa hata kwa mifuko. Nilitaka kumwambia pole. Nikamwambia lile jiko la chipsi halikuwa na kibali. Akasema, "Sawa, Baba Jackline." Kisha akaniomba nisogee, namkinga mwanga.

Jumamosi, 28 Desemba

Herbert kamleta Bibi Harusi. Kamvuta kwa boza, kwa mnyororo, kutoka mteremkoni hadi hapa, polepole, kapita katikati ya soko kwa makusudi. Nilidhani wanawake wataimba. Walimpa mgongo wote, wakaendelea kupanga bidhaa zao. Sijui ipi ni mbaya zaidi.

Kamati imekaa bila kuniita. Boza limepewa eneo la kuegesha pale sokoni. Jina langu mlangoni limepakwa rangi. Nyekundu tofauti kidogo, mtu yeyote anaona.

Jumatatu, 6 Januari 2025

Shule zimefunguliwa. Watoto wamepita na sare za mwaka jana, mikono mifupi, magoti nje. Walimu wamempa Flaviana muda mpaka Pasaka. Anashonea kwenye kibaraza cha gereji ya Herbert, kwa ile cherehani moja, pembeni ya boza. Anasema pale anajisikia salama. Nimelimeza hilo.

Kiwanda kimefunguliwa! Jibu refu, safari hii limeandikwa na mtu. Wanasikitika. Gari lile halikukusudiwa vumbi, wala miinuko, wala joto, wala ngazi kutumika siku ya upepo. Kulifungua lazima aje fundi wao, na fundi wao wa karibu yuko bara jingine. Ila wametoa toleo jipya. Limeboreshwa sana. Lina winchi mbele, ya kuvutia magari yaliyokwama.

Nimeiangalia picha asubuhi nzima. Winchi!

Sasa naona kosa lilikuwa wapi. Tulinunua moja. Jiji gani linanunua gari moja la zimamoto? Tungekuwa na mawili, la pili lingelivuta la kwanza pale mteremkoni, na tungewahi. Tena kwa kuwa yote ni ya Hallerstrup, Lomayani hatakuwa na neno: la kwanza ndilo mama. Nimeandika barua ya maombi, nimechora na mlango, herufi kubwa za kutosha. Likifika kabla ya Desemba, Felisiani atanikoma.

Mchana nilikwenda kibarazani nikamweleza Flaviana yote, kuanzia winchi. Alisimamisha cherehani. Akakata uzi kwa meno. Halafu akaendelea kushona.

Nadhani amekubali.