Maji ya Kijani na Goti Langu la Kulia

Chumba cha wageni,
Dirisha linalotazama bwawa.

Kwa Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina wa Kamati ya Bwawa
(vyeo vyote vitatu ni vyako),
Chumba cha pili ukipita jikoni.

Mkwe wangu mpendwa,

YAHUSU: MAJI YA KIJANI NA GOTI LANGU LA KULIA

Pokea salamu zangu zenye heshima zote. Sisi huku upande wa dirishani hatujambo, ukiacha harufu.

Utashangaa kuandikiwa barua na mtu ambaye asubuhi ya leo tu umempa shikamoo huku ukitafuta soksi. Lakini mimi na wewe ni wakwe. Siwezi kumkalisha mume wa binti yangu kwenye kochi nikamwambia kwamba bwawa lake linanuka. Kuandika, hata hivyo, sijakatazwa, na miaka niliyopiga chapa mahakamani ilinifundisha kwamba malalamiko yasiyo na namba hayasomwi. Kwa hiyo yangu nimeyapa namba.

Kwanza nikukumbushe chanzo cha shauri. Daktari alisema nisipolitembeza goti hili ndani ya maji kila siku, tutaishia kulipasua. Binti yangu akalia. Wewe hukulia, lakini ulifanya kubwa kuliko kulia: ulichimba bwawa uani, ukasema mama aje akae hapa mpaka goti lipone. Nilikuombea dua mpaka nikasinzia. Siku ya kwanza maji yalikuwa ya buluu, nikaviona vidole vyangu vya miguu kule chini vinacheza, nikacheka peke yangu. Wiki ya pili sikuviona tena. Sijui viko wapi nikiwa mle ndani, na mtu mzima hapaswi kuwa na wasiwasi wa namna hiyo.

Sasa malalamiko.

1. Kwamba ulitafuta njia ya kusafisha maji kama mnavyotafuta mafaili na wino kule ofisini kwako. Najua wewe ni afisa manunuzi, na kazi unaiweza. Lakini jamani, kutangaza zabuni sebuleni! Uliunda kamati: wewe, binti yangu, na mjomba wako aliyekuja kuazima ngazi tu. Mkapanga bei tatu juu ya meza: dawa za klorini, mashine ya chumvi, na taa ya kuua vijidudu. Binti yangu akauliza ipi kati ya hizo inasafisha maji vizuri. Ukamjibu kwamba swali hilo linakuja katika hatua ya pili. Hatua ya pili hadi leo hatujaiona hapa nyumbani.

2. Kwamba mashine ya chumvi ilishinda, nawe ukanunua chumvi. Narudia, maana nilipoiandika mara ya kwanza hata mimi sikuamini: ulinunua chumvi. Muuza duka alikueleza vizuri kabisa, nami nilikuwa garini na kioo kimeshushwa, kwamba chumvi peke yake haisafishi chochote. Mashine ndiyo inayoichukua chumvi ile na kuigeuza klorini kwa umeme. Ukatazama bei ya mashine. Ukatazama bei ya chumvi. Ukatangaza kwamba tunaanza na chumvi, mashine itakuja awamu ijayo. Magunia yakamwagwa. Nikaingia, nikateleza, nikameza funda moja, na nasema kweli tupu: ilikosa ndimu tu iwe supu.

3. Kwamba chumvi ilipokataa, uliangukia vidonge vya klorini, ukamkabidhi mjomba wako. Mzee wa watu alikuwa mgawa dawa zahanati, akisikia neno kidonge anasimama wima. Akaandika dozi: kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula. Chakula cha nani, chetu au cha bwawa, hakufafanua. Kwa kweli maji yalianza kupata nafuu. Yakafikia rangi ya maji ya kuoshea mchele, nasi tukapeana mikono. Hapo mjomba akasema mgonjwa ameshapona, dawa zisipotee bure. Mtu aliyewafokea wagonjwa maisha yake yote wamalize dozi! Vilivyobaki akavifungia kabatini mbali na watoto, katika nyumba isiyo na mtoto. Kijani kikarudi, na safari hii kilikuja na ukoo wake.

4. Kwamba taa uliikataa kwa sababu jua lipo bure. Ulisoma mahali kwamba mwanga unaoua vijidudu na jua linao, ukaliondoa turubai lililofunika bwawa ili jua lifanye kazi bila mshahara. Mkwe, kijani nacho kilikuwa kinalisubiri jua hilo hilo! Halafu turubai lilipoondoka, mti wa jirani ukaona mahali pa kumwagia majani yake. Na nani anayeyachota? Mimi. Mgonjwa mwenyewe nazunguka bwawa na wavu wa mpini mrefu, tangu nikimaliza chai mpaka jua linifukuze, nikifika mwisho naanza upya. Hivi ndivyo anavyouguzwa mtu?

5. Kwamba sufuria yangu ya shaba, niliyoachiwa na marehemu mama, imefungwa kamba na kuzamishwa, eti shaba huua kijani na mashine ya kutia shaba majini ni ghali. Nikiiulizia naambiwa ipo kazini. Mjomba wako alipojitosa kutuonyesha kwamba maji sasa ni salama, alitoka na ndevu za kijani. Kinyozi wake ndiye aliyetueleza kwamba nywele nyeupe na maji yenye shaba havipatani. Mjomba ameshahudhuria harusi moja na kikao kimoja cha ukoo akiwa amejizungushia skafu mpaka puani, katika joto hili, na watu wanamuuliza anaficha nini.

6. Kwamba vyura wamehamia. Mkubwa wao nimemwita Hakimu, kwa kuwa husinzia wenzake wakieleza shida zao, akizinduka anatoa hukumu kwa sauti nzito na wote wananyamaza. Ulipowaona ulifurahi, ukasema wanakula mbu, hao ni wafanyakazi wa usafi wasiodai chochote. Na juzi nimekusikia ukimwambia mtu kwenye simu habari ya samaki wa kula uchafu. Tafadhali. Leo samaki. Kesho utaleta bata wa kuwapunguza samaki, keshokutwa mamba wa kuwapunguza bata, na siku daktari akiniuliza kama natembea ndani ya maji, nitamjibu kwamba natembea, tena kwa kasi.

7. Kwamba kila jioni unakuja ukingoni na zile karatasi za kupimia maji. Unachovya, unatikisa, unaniinulia nione imegeuka rangi gani, kisha unaniuliza mama unaonaje. Naona nini? Naona kijani! Tunaijadili karatasi moja mpaka chakula kinaiva, tunainuka pale tukiwa tumekubaliana kwamba hali si nzuri. Mahakamani kesi kama hiyo ingefutwa.

8. Na hapa sitanii. Goti ni langu, sina jingine la akiba. Nimechoka kukaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama dawa yangu ikioza mbele yangu. Naogopa kisu, mkwe. Naogopa kuamka kwenye kitanda cha hospitali nikaambiwa nijifunze kutembea upya katika umri huu.

Kwa hayo yote, naomba kamati yako iamue yafuatayo:

(a) Mashine inunuliwe, yenyewe, nzima, pamoja na pampu na chujio lake, hata kama si ya bei ya chini kuliko zote. Ukimwuliza muuza duka ipi inasafisha, usimkatize akijibu.

(b) Hilo likishindikana, bwawa lifukiwe, mjomba apande mboga juu yake zifanane na ndevu zake, nami nirudishwe nyumbani kwangu kabla mwezi haujaisha.

(c) Kamati ikikaa kimya, nitalipeleka shauri kwa binti yangu. Yeye husikiliza rufaa akiwa amefunga mlango wa chumba, na aliyeshindwa hulala kwenye kochi. Wewe kochi hilo unalijua, na miguu yako ni mirefu.

Nisalimie binti yangu nikitangulia kulala, mjomba na skafu yake, jirani na mti wake, na wote kule ofisini kwako wanaokudhania mtu wa busara. Hakimu nitamsalimia mwenyewe.

Ni mimi, ninayengoja ukingoni,

Mama Mkwe wako,
Karani wa Mahakama (mstaafu).

Nyongeza: Bahasha nilishaifunga, nikatoka kupitia uani kuja kuipitisha chini ya mlango wako, Hakimu akanirukia mguuni. Nilikimbia. Mkwe, nilikimbia kweli, mpaka jikoni, nikapanda juu ya stuli, na nikiwa pale juu ndipo nikakumbuka kwamba nina goti. Halikuwa limesema kitu. Leo mchana nimekwenda kwa daktari bila kuaga. Amelikunja, amelikunjua, akaniuliza natembea kiasi gani majini. Nikamwambia majini siku hizi siingii, nazunguka tu na wavu kuchota majani. Akasema limepona, basi niendelee na wavu.

Binti yangu sijamwambia, nawe usimwambie. Mlisema nikae mpaka goti lipone. Kule kwangu kuna redio na viti vinne, na huwa navikalia kwa zamu ili vyote vichakae sawasawa. Hapa kila jioni kuna mtu ananiuliza mama unaonaje. Tangu umuoe binti yangu mpaka siku maji yalipoharibika, mimi na wewe hatukuwahi kuvuka shikamoo na marahaba. Nilidhani huna maneno, kumbe nawe ulikuwa unanidhania hivyo hivyo.

Kwa hiyo (a), (b) na (c) zifutwe. Ukilazimika kununua mashine, nunua ile ya bei nafuu kabisa, ambayo muuza duka akikupa anatazama pembeni. Samaki nao walete, ila wawe wadogo. Na leo jioni usisahau karatasi zako; viti vya plastiki nimeshavitoa vyote viwili.