Atakayekivunja Apewe Beberu

Jumatano, 10 Septemba 2025. Kwa Vonza.
Kanisa letu linataka mlango mpya. Hapa sokoni ni watu wawili tu wanaoweza kuutengeneza: mimi, fundi wa vioo, na Nzomo, fundi wa mageti ya chuma. Nzomo anawaambia watu kwamba kioo kitavunjwa na watoto wa Sunday school kabla ya Krismasi. Wivu mtupu! Lazima niupate mlango huo, la sivyo nitazeeka nikibandika vioo vya madirisha ya vyoo.

Alhamisi, 11 Septemba.
Nimetoka Machakos na kioo sugu, kile kinachopikwa kwenye tanuri. Muuzaji alikipiga nyundo mbele yangu. Ngo! Hata mkwaruzo hakuna. Kisha akaanza maelezo marefu kuhusu udhaifu wa pembe, saruji na kuweka raba chini. Sikumsikiliza. Nifundishwe kubeba kioo, mimi?

Jumamosi, 13 Septemba.
Wazo! Kesho baada ya ibada nitasimamisha kioo nje ya kanisa, kila anayetaka apige. Atakayekivunja apewe beberu. Beberu ni wa Mutanu, mke wangu. Sijamwambia. Kwa nini nimsumbue kwa jambo ambalo halitatokea?

Jumapili, 14 Septemba.
Pasta Evanson alinipa nafasi kwenye matangazo. Nikasimama madhabahuni, nikamtaja beberu mweupe mwenye sikio lililokatika. Mutanu akanitazama kutoka kwenye kwaya. Nikaharakisha kumaliza tangazo.
Lakini nje, raha iliyoje! Vijana walirusha mawe. Mzee Ndululu alipiga kwa jembe. Nzomo akaja na nyundo ya kuvunjia kokoto, akapiga katikati kwa nguvu zake zote, nyundo ikaruka nyuma nusura imng'oe meno. Kioo, kimya! Pasta akanishika mkono, akasema mlango ni wangu. Nilitaka kulia kwa furaha.
Nikakibeba kioo mwenyewe, huku nikiwapungia watu. Pembe ya chini ikagusa ngazi ya saruji. Kugusa tu!
Pa! Kioo chote kikamwagika kama mahindi kutoka gunia lililotoboka. Nikabaki nimekumbatia hewa.
Nzomo alicheka hadi akaketi chini. Mimi nikawaza haraka: aliyevunja ni mimi, kwa hiyo beberu ni wangu. Pasta akakataa. Akasema kitu kikishatajwa madhabahuni ni sadaka, na sadaka inaenda mnadani pamoja na miwa na kuku walioletwa na waumini. Woi! Mutanu akalazimika kumnunua beberu wake mwenyewe, akishindana na Nzomo mbele ya kanisa zima. Alimpata. Alipopita karibu nami alisema, "Baba Kanini, leo chakula utapikiwa na Pasta." Mlango amepewa Nzomo. Imeniuma sana.

Jumanne, 16 Septemba.
Bado nalala dukani. Nimefikiri sana na sasa nimeelewa. Kosa halikuwa langu. Kosa ni la pembe. Basi nimeagiza kioo cha duara! Nani atagonga pembe ambayo haipo? Kuna dirisha moja juu ya mimbari linahitaji kioo. Ni la mraba, lakini hayo tutayaona huko mbele. Jumapili nina nafasi tena kwenye matangazo. Zawadi ni jogoo wa mama mkwe. Yeye husali kanisa lingine.