Kiti cha Kipara

Jumatatu, 3 Machi
Nimepandishwa kizimbani! Mimi, kinyozi wa heshima! Eti nimeiba kiti cha Kipara, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye mwenyewe hana hata unywele. Hakimu akanisomea shtaka, akauliza kama nimelielewa. Nikajibu kiti hicho sijawahi kukiona maishani. Kweli polisi wamekikuta uani kwangu chini ya turubai, lakini uani kwangu hupita kila mtu. Nikipatikana na hatia ni jela. Mama watoto kalia.

Jumanne, 4 Machi
Nimepewa wakili wa bure. Binti mdogo, makamo ya kifungua mimba wangu. Nikampa mpango wangu: nizimie mbele ya hakimu. Kakataa. Basi shemeji aape kiti kilidondoka kutoka kwenye lori. Kakataa tena! Anasema kuthibitisha ni kazi ya serikali, wala silazimiki kusema neno. Nina haki ya kukaa kimya. Kimya! Amewahi kumwona kinyozi akikaa kimya? Mama watoto kaniapisha. Nimeapa.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi ilikuwa tamu. Kiti kikaletwa kama kielelezo. Wakili akamtaka Kipara aonyeshe kwamba ni chake. Kipara akakanyaga pedali kukipandisha. Wapi! Akakanyaga tena, jasho linamtiririka utosini. Mwisho akakiri kwamba chake kilikuwa kinapanda bila tabu, huenda hiki si chenyewe. Mwendesha mashtaka akainamisha kichwa. Wakili akanitupia jicho: tulia, tunakwenda nyumbani.

Hapo Kipara akakipiga kiti teke. Tena upande wa kulia! Mtu anajiita kinyozi! Nilivumilia, wallahi nilivumilia. Mara nikajikuta nimeshashuka kizimbani.

“Sogea,” nikamwambia. “Hiki tangu kidondoke pale ukutani kwako kinataka goti la kushoto kwanza.”

Nikakipiga goti, nikakanyaga. Kikapanda laini kabisa! Nikageuka kupokea makofi. Hakuna aliyepiga. Hakimu alikuwa anaandika. Wakili alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Jumatatu, 10 Machi
Miezi sita. Mama watoto safari hii hakulia. Alinitazama tu, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, “Baba watoto, hata asubuhi moja ilikushinda?” Iliniuma kuliko hukumu.

Jumatano, 12 Machi
Jela. Nimeambiwa nina haki ya kukata rufaa. Wakili kaja, kasema ataiandika yeye, mimi nisifungue mdomo. Nimemfukuza. Nitajitetea mwenyewe! Nitaomba kiti kiletwe tena, maana safari ile sikuwaonyesha kinavyolala nyuma.

Nimepewa kazi ya kuwanyoa wenzangu. Bwana jela ana mashine ya kunyolea nzuri ajabu, haina kelele hata kidogo, na huiacha dirishani akienda kula. Nyuma ya jiko nimeona turubai.