Choo Chetu Mtandaoni

Jumatatu, 3 Machi

Barua kutoka chama chetu cha washauri nasaha. Kufikia Ijumaa kila mwanachama awe na tovuti yenye maadili, la sivyo anafutwa kwenye orodha. Mimi tovuti sina hata ya dawa! Miaka kumi na tisa nawasikiliza watu wa mji wetu wa Dokkum wakilia, na tangazo langu ni kibao cha shaba mlangoni, nacho kimekaa upande.

Mbaya zaidi, Froukje, mshauri wa ng'ambo ya mfereji, anayo tangu mwaka jana. Ina picha yake akimkumbatia mbuzi. Maadili gani hayo? Mbuzi aliombwa ruhusa?

Nimemwambia mke wangu Geeske kwamba yangu itakuwa na maadili mpaka ya Froukje ione haya. Akasema sawa, ila nianze kwa kusoma masharti. Nitasoma. Nikimaliza supu ya njegere.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma. Lo! Kuweka sifa kutoka kwa wateja, marufuku. Kuahidi kwamba mtu atapona, marufuku. Kujigamba kuliko mwenzako, marufuku. Sasa niandike nini, anwani?

Akili ikanijia. Mama yangu si mteja! Nikampigia simu anisifu mistari miwili tu. Akasema yeye hasemi uongo mbele ya watu, na kwamba tangu utotoni nina tabia ya kuwakatiza wenzangu wakiongea. Nikamkatiza.

Kuhusu kupona nimeandika kwa ukweli mtupu: "Hapa hutapona." Geeske akauliza natafuta wateja au nawafukuza. Nimebadilisha: "Si lazima upone." Imekaa vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Uwazi! Neno limenijia nikiwa juu ya baiskeli. Sisi wa Dokkum si watu wa kufunga mapazia, mpita njia anaona mpaka tunachokula. Basi na tovuti iwe hivyo. Nimepiga picha kila kona: viti viwili, karatasi za kufutia machozi, kopo la biskuti (moja kwa kila mteja, hatujawa wabadhirifu), ngazi, mpaka choo. Choo kinang'aa! Froukje ana ubavu wa kuonyesha cha kwake?

Saa kumi jioni tovuti ikawa hewani. Geeske alikuwa kwenye kwaya. Sikumsubiri, angeanza maswali.

Alhamisi, 6 Machi

Simu tatu kabla ya saa nne! Wote wanataka miadi, na wote wana neno moja: kama Froukje mwenyewe anatibiwa kwako, basi wewe ni kiboko. Sikuelewa. Sikubisha pia.

Nilikuwa napiga mluzi alipoingia Wiebe, mwoka mikate, mteja wangu tangu Oktoba. Kila Alhamisi huja na mkate mkononi ili majirani wadhani analeta oda. Leo hakuwa na mkate. Uso mwekundu kama nyanya.

Kumbe asubuhi mama mmoja amempongeza dukani, mbele ya foleni nzima na mbele ya mkewe, kwa siku yake ya kuzaliwa inayokuja, kisha akauliza na yale mazungumzo kwa Sietse, yaani kwangu, yanaendeleaje. Wiebe akaniketisha mbele ya kompyuta, akaikuza picha ya choo. Ukutani, kalenda yetu ya siku za kuzaliwa. Nyumba gani hapa haina kalenda chooni? Unakaa, unakumbuka nani wa kumpongeza. Tarehe 6: Froukje. Hiyo kaandika Geeske, wanaimba kwaya moja. Tarehe 14, mwandiko wangu mwenyewe: "Wiebe mwoka mikate, mteja. Nisisahau!" Kumbe watu wamedhani kila jina la pale ni la mteja.

Wiebe akasema aliniambia mambo ambayo hata mkewe hayajui, nami nimeyatundika chooni dunia nzima ione. Akasema bado anafikiria, huenda akanishtaki kwa chama. Kwa mara ya kwanza maishani sikumkatiza mtu. Nikaifuta picha mbele ya macho yake. Nimeona aibu, aibu ya kweli, mpaka chakula kimenishinda.

Geeske akanisimamia niwapigie wale watatu, niwaambie Froukje hajawahi kuwa mteja wangu. Wote wakacheka: naam, lazima useme hivyo, siri ni siri! Wanakuja Jumatatu.

Ijumaa, 7 Machi

Wiebe amekuja, na mkate! Mkewe hakukasirika hata kidogo. Kumbe muda wote huo alidhani Wiebe ana mwanamke, na mkate ndio kisingizio. Kusikia ni mshauri tu, akamkumbatia. Wiebe kanisamehe kwa sharti moja: jina lake lisionekane tena popote. Nikaapa. Machozi yalinilengalenga, nikampa biskuti ya pili.

Mchana akapiga simu Bi Hendrika wa chama. Tovuti ameipenda, hasa "Si lazima upone." Imebaki kitu kimoja: nionyeshe ninavyolinda siri za wateja. Leo hii.

Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kalenda nimeitoa! Kwenye msumari ule ule nimetundika karatasi mpya, kwa herufi kubwa: "WATEJA WANGU AMBAO MAJINA YAO HAYATATAJWA KAMWE." Nimewaandika wote kumi na wawili, na kazi zao, na mitaa yao, wasije wakachanganywa na watu wengine. Kwa alfabeti, hakuna upendeleo. Wiebe kaangukia mwisho, kwa hiyo nimempigia mstari mwekundu asijione amesahauliwa.

Picha imetoka safi, kila herufi inasomeka. Imekuwa hewani tangu saa tisa. Froukje na mbuzi wake watajiju.

Simu inaita. Ni Wiebe. Hakukuwa na haja ya kunishukuru, lakini ngoja nipokee.