Saa ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Sijalala vizuri tangu Tai apewe kiti cha meneja pale kwenye ghala la vigae. Tai! Mtu niliyemfundisha kazi mwenyewe. Leo ameniita "kijana". Namzidi umri.

Nimetoka kazini moja kwa moja hadi kwa mshauri nasaha. Dada wa mapokezi ameingiza kadi yangu ya bima, akatazama kompyuta, akaniambia kwa upole kwamba vikao vyangu vya mwaka vimekwisha. Mwaka gani huu unaoisha Machi? Nikitaka kuendelea, nilipe taslimu. Bei aliyotaja inatosha kutibu ukoo. Nimerudi nyumbani na moyo umejaa vilevile.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Kwenye bima nilimwandikisha mama mkwe kama mzazi, maana wangu walishatangulia. Vikao vyake havijaguswa. Nitamsindikiza, niketi ndani kama mwana mwema, nimsemee.

Mke wangu ameuliza mama yake anaumwa nini. Nimesema ujane unamlemea. Amesema hakujua kwamba na mimi nimeliona hilo.

Sikuwa nimeliona. Nimekohoa tu.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe amevaa viatu vyake vya harusini. Mshauri alimuuliza hali. Kabla hajafungua kinywa nikadakia: mama halali, mama ana donge rohoni, kuna mtu mama alimfundisha kazi na sasa anamwita kijana.

Mshauri akaacha kuandika. Mama mkwe akanigeukia taratibu, akauliza ni kazi gani hiyo, maana yeye hajawahi kuajiriwa na mtu.

Nikaombwa nisubiri nje. Benchi la mapokezi ni la chuma, baridi yake inapanda hadi uti wa mgongo. Nikatega sikio mlangoni. Kimya. Kisha kilio. Kisha kicheko cha watu wawili, na jina langu katikati.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe amelala mpaka jua limepanda. Alipoamka akaomba chai ya pili. Anasema hajapata usingizi wa namna hiyo tangu mzee afariki. Kumbe muda wote huo alikuwa amemkasirikia marehemu kwa kuondoka bila kumuaga.

Mke wangu amelia jikoni, akanishika mkono, akasema yeye hakuolewa, aliokota dhahabu. Nimepokea sifa kwa unyenyekevu.

Mimi sikulala. Kazini nimesinzia juu ya maboksi ya vigae. Nilipozinduka nimekuta Tai amenifunika koti lake. Dharau ya hali ya juu.

Alhamisi, 13 Machi
Kikao cha pili. Mimi na benchi. Nimejaribu kumsimulia dada wa mapokezi habari za Tai. Ameniuliza kama nina miadi.

Tukirudi, mama mkwe alisimama kando ya barabara, akanishika kiwiko.

"Mwanangu, usiku nakusikia ukitembea sebuleni. Una jambo. Niambie mimi, na binti yangu hatalijua."

Hakuwa na haraka. Alisimama pale na mkoba wake kifuani, tayari kunisikiliza mpaka giza liingie, bila kadi, bila miadi. Machozi yalikuwa karibu kabisa.

"Ni gesi, mama," nikasema.

Akasema pole, akanishika mkono kama mtoto, tukavuka.

Jumamosi, 15 Machi
Mama mkwe ameninunulia dawa ya gesi. Chungu kama shubiri. Nimeinywa mbele yake na kushukuru. Tumbo langu, lililokuwa zima, sasa limechafuka. Usingizi ndio kabisa.

Lakini kukesha kuna faida. Nimesoma kijitabu cha bima hadi ukurasa wa mwisho, na humo nimekuta kwamba vikao vya wanandoa vina hesabu yake peke yake! Havijaguswa!

Asubuhi nimemwambia mke wangu kwamba ndoa yetu ina matatizo makubwa. Ameweka kikombe chini, akauliza matatizo gani. Nimemwambia avumilie, atayasikia mbele ya mshauri.

Amechukua mto wake na kuhamia chumbani kwa mama yake, na mlango wameufunga kwa ufunguo.

Vizuri sana. Kwa ushahidi kama huu, bima haiwezi kukataa.