Bwana Samaki Anakuja Kukagua

Jumatatu, 4 Machi
Mvua. Mgongo unauma. Bwana samaki, yule afisa wa serikali, kaleta habari kwamba Jumatano anakagua mabwawa yote. Asiyefuata sheria, bwawa linafungwa. Binti yangu kapiga simu kutoka mjini: Baba, wakifunga tu nakuja kukuchukua, chumba kiko tayari. Chumba chenyewe ghorofa ya nne. Mtu mzima kuning'inizwa kama popo!
Bwawa hili nililichimba na marehemu mama yake. Upande wake haujabomoka mpaka leo. Wangu usiseme.
Sheria inataka samaki wapate nafasi. Mimi niliweka vifaranga maradufu. Nani kasema perege wanajua kuhesabu?

Jumanne, 5 Machi
Nimepata akili. Samaki aliyeshiba huchangamka, na aliyechangamka hana kesi. Jioni nimemwaga chakula cha siku tatu kwa mkupuo. Jirani yangu Mkasi, jina kapewa kwa ajili ya ulimi wake, kasimama uani akauliza kama nanenepesha samaki au naozesha maji. Nikamjibu wivu hauna dawa. Yeye ana kibali, kakitundika ukutani ndani ya kioo kama picha ya harusi.

Jumatano, 6 Machi
Asubuhi samaki wote juu, midomo wazi. Nikafurahi. Bwana samaki kaja, kijana wa viatu vya mpira na kichupa cha kupimia maji. Nikamwambia tazama wanavyokusalimu.
Akasema, "Babu, hawanisalimu. Wanatafuta pumzi."
Eti chakula kilichobaki kimeoza, kimemaliza hewa majini, na wenyewe wamebanana. Nitoe nusu, nisiwalishe, niingize maji mapya. Anarudi Jumamosi. Nisipotii, anafunga. Mkasi alisikia yote. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Alhamisi, 7 Machi
Maji mapya nimeingiza. Lakini nusu ya samaki? Bado wadogo, nani atanunua miiba? Mkasi kasema niwahifadhi kwake, nafasi ipo, maji hayana kinyongo, mzee mwenzangu. Nikamshukuru, nikakataa. Perege wangu wakale kwa Mkasi, halafu warudi na tabia zake?

Jumamosi, 9 Machi
Asubuhi nimewakusanya nusu ndani ya wavu, nikakaza mdomo kwa kamba, nikauzamisha penye kina, ncha ya kamba nikaifunga ukingoni, nikafunika kwa majani. Akague, aondoke, niwafungulie. Kazi ya muda mfupi.
Bwana samaki karusha wavu wake, kapima maji, katabasamu. Akasema babu, wewe ni mfano wa kuigwa. Akatoa kalamu. Hapo ningenyamaza. Sifa zikanipanda kichwani. Nikamwekea kiti, nikamletea chai, nikamsimulia ya ujana wangu. Akacheka mpaka machozi. Nikaongeza nyingine, na chai nyingine. Kila nilipotaka kumuaga, anauliza ikawaje. Mgeni hafukuzwi, na mimi hadithi haziniishii.
Jua limeshakuwa kali, akainuka kusuuza kikombe bwawani. Akauliza kamba hii ya nini. Akavuta. Wavu ukaja mzito, kimya.
Hakunigombeza. Alirudisha kalamu mfukoni. Akasema polepole, hawa wangeishi, babu.

Jumatatu, 11 Machi
Wamefunga. Samaki waliobaki wamehamishiwa kwa Mkasi kwa amri ya serikali. Alibeba ndoo mwenyewe, ule ulimi kauacha nyumbani. Nilikaa ukingoni, upande wa marehemu. Binti kaja na gari. Kakunja nguo zangu vizuri, kama za mgonjwa.

Jumapili, 17 Machi
Ghorofa ya nne. Ukuta, dirisha, ukuta. Siku za kazi binti anarudi amechoka, anauliza kama nimekula. Nimekula. Maongezi yameisha. Juzi nimelia kidogo bafuni, bomba likiwa wazi asisikie.
Leo nimepanda juu ya paa kuanika shati. Kuna tangi la zege, halitumiki, limejaa maji ya mvua. Nimelizunguka. Nimechovya mkono. Nikamuuliza mlinzi kama wakaguzi hufika huku. Akasema, "Mzee, huku hata fundi bomba hafiki, tunamwita tangu mwaka jana."
Kwa haki, linatosha vifaranga hamsini.
Nimeagiza mia mbili.